Gesi au spiriti kwa Mlima Kenya? Nalipa Ijumaa

Kiatu_Kimoja
Wadau, begi nimelipunguza hadi kilo saba na nusu bila chakula na maji. Kilichobaki kizito ni mambo ya kupika. Kuna jiko dogo la gesi linalofungwa kwa skrubu juu ya kopo, gramu 85, na kuna la spiriti la kujitengenezea ambalo naambiwa ni bure. Lipi? Pesa ni ya moja tu.

Mzani_wa_Jikoni
Mko wangapi? Njia gani? Mwezi gani? Sufuria ya ukubwa gani? Unapika au unachemsha maji tu? Bila hayo utapata majibu kumi na yote yatakuwa sahihi.

Spiriti_Daima
Spiriti, hata mwezi usiulize. Chukua kopo dogo la nyanya la gramu 70, lioshe, toboa kwa msumari safu mbili za mashimo ya milimita 6 kulizunguka, ya juu ikae milimita 6 chini ya ukingo. Mimina mililita 25, washa, ngoja nusu dakika kopo lipate joto ndipo uweke sufuria juu yake. Ukiweka mapema moto unakufa. Nusu lita inahitaji mililita 20 hivi kama hakuna upepo, kwa hiyo kikinga upepo cha karatasi ya aluminiamu ni lazima. Hakuna cha kuharibika.

Nunua ile ya kuchomea, ya zambarau. Ya duka la dawa yenye asilimia 70 karibu theluthi yake ni maji. Inawaka kwa uvivu na kubakisha majimaji ndani ya kopo.

Kiatu_Kimoja
Tuko wawili. Tunapanda Sirimon tunashuka Chogoria, katikati ya Januari. Tunalala Old Moses, Shipton's, halafu Ziwa Ellis. Chakula ni uji, tambi na ndengu.

Nyanya_Mkebe
Ndengu?? Shipton's ni mita 4,200. Maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, si 100. Utachemsha mpaka gesi iishe na bado zitakuwa changarawe. Zipike nyumbani, ziponde kidogo, zikaushe kwa moto mdogo wa oveni mpaka zivunjike mkononi. Huko juu unamwagia maji moto, unafunika, unazungushia sweta kwa dakika 20.

Mzani_wa_Jikoni
Afadhali. Maji ya kuchemsha lita tatu kwa siku kwa watu wawili, mara siku tatu, ni lita tisa.

Gesi: gramu 15 kwa lita pasipo upepo, weka 20 ili usijidanganye. Hiyo ni 180, kwa hiyo kopo la gramu 230 linatosha. Likijaa lina uzito wa karibu gramu 380 pamoja na chuma chake. Ongeza jiko, 465.

Spiriti: mililita 40 kwa lita, jumla 360, yaani gramu 290 hivi kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Ongeza chupa, kopo na kikinga upepo, unafika 360.

Spiriti inashinda kwa gramu mia, na chupa inapungua kila siku ilhali chuma cha kopo la gesi unashuka nacho. Ila safari ikiwa ndefu zaidi hesabu inageuka, maana gramu moja ya gesi ina joto karibu mara 1.7 ya spiriti.

Korongo_72
Gramu mia zisikudanganye, na angalia kopo kabla ya bei. Kuna kikundi cha watu wanne kilichopanda na yale makopo marefu ya gramu 220 ya jiko la mezani, kwa sababu duka moja la mjini liliwaambia gesi ni gesi. Yale hayana skrubu, yana pengo mdomoni. Adapta walikuwa nayo, shida haikuwa hapo. Ndani mara nyingi ni butani tupu, na butani kwenye usawa wa bahari haigeuki mvuke chini ya sifuri. Mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo inavumilia baridi zaidi kidogo, lakini kadiri gesi inavyotoka ndivyo inavyonyonya joto la kopo lenyewe. Saa kumi alfajiri moto uliwaka vizuri dakika tatu, ukasinyaa kama wa mshumaa, ukazimika. Kopo limeshika barafu nje, ukilitikisa unasikia gesi imejaa nusu. Mmoja akaligeuza kichwa chini ili gesi itoke ikiwa kimiminika. Jiko lile halikuwa na bomba la kuipasha kwanza, likatema mwali wa njano uliofika mlangoni mwa hema. Kitambaa kikayeyuka. Wawili walienda kilele cha Lenana na matumbo baridi, wawili wakashuka.

Nunua lenye isobutani na propani, zinavumilia baridi kuliko butani. Usiku lala nalo ndani ya begi la kulalia. Asubuhi lisimamishe kwenye bakuli lenye maji ya kina cha sentimita mbili. Hata maji ya baridi yana joto kuliko lile kopo. Na kikinga upepo usilizungushie kopo, likipata moto kupita kiasi linapasuka.

Spiriti_Daima
Spiriti ingewaka tu.

Korongo_72
Ingewaka, pamoja na nyasi. Januari kule juu ni kukavu, na mwali wa spiriti mchana huuoni. Mtu anadhani imezimika, anaongeza, chupa inashika. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima ule. Kopo lisilo na valvu halizimwi kwa kidole.

Spiriti_Daima
Beba kifuniko cha bati cha kulifunika. Gramu 8. Na unaliweka juu ya jiwe tambarare, si juu ya nyasi.

Nyanya_Mkebe
Lolote utakalochukua, usipikie ndani ya hema lililofungwa. Hewa ya sumu haina harufu.

Halafu chai: maziwa ya unga yatie mwisho, nje ya moto, la sivyo yanaganda chini na sufuria haioshiki kwa maji baridi.

Bonde_la_Mackinder
Chai ya nyuzi 86 si chai. Hiyo ni maji yaliyopita karibu na majani.

Nyanya_Mkebe
Loweka majani usiku kucha kwenye chupa, asubuhi unapasha tu. Tangawizi ya unga, si mbichi.

Bonde_la_Mackinder
Yatakuwa machungu.

Kiatu_Kimoja
Wadau, nimepita dukani. Gramu 230 yameisha, limebaki moja la 100. Mwenzangu ni mtu wa chai vikombe viwili asubuhi. Litatosha?

Mzani_wa_Jikoni
Lita tano, sita na nusu kama upepo umelala. Unahitaji tisa. Na bado hujasema sufuria.