Nafumua dari ya chumba cha kulala, niweke nini juu ya jipsam kupunguza joto?

mama_goba

Wakuu habari za jioni. Niko Goba, Dar, nyumba ya tofali za inchi 6, bati la msauzi geji 28 rangi ya maruni. Nakarabati chumba cha kulala kikubwa, dari ya zamani ilikuwa ya hadibodi ikaanza kubonyea, fundi ashaishusha yote kwa hiyo saa hizi ukiinua kichwa unaona kenchi (mbao zinazobeba paa) na bati tupu. Wiki ijayo anapiga jipsam.

Sasa shida yangu ni joto. Chumba kinatazama magharibi na kuanzia Desemba mpaka Machi hakulaliki, saa nne usiku nje kuna upepo mzuri kabisa lakini ndani ni tanuri, mwanangu wa mwaka na nusu anaamka shuka limelowa jasho na shingo imejaa vipele vya joto, inaniuma sana. AC ipo ya BTU 12000 ila ikizimwa tu haipiti nusu saa joto limerudi, na uniti za umeme za LUKU zinaisha mtu unaangalia hivi hivi. Fundi anashauri stairofomu zile nyeupe za kwenye maboksi ya TV zipangwe juu ya jipsam, dukani wanasema foili, jirani anasema niachane na jipsam niweke dari ya PVC. Hela inatosha kitu kimoja cha maana. Chumba ni mita 4 kwa 4.5. Naombeni mwenye uzoefu.

fundi_kenchi

Pole dada, na umeuliza wakati mzuri, maana jipsam ikishapigwa ikaskimiwa, yaani ikapakwa ile plasta laini, hakuna mtu atakubali kuifumua tena.

Kwanza usiweke stairofomu. Ile kitu inashika moto haraka, moshi wake ni sumu, na juu ya dari ndo nyaya zote za umeme zinapita. Halafu ikigusana na waya muda mrefu inaharibu ile plastiki ya waya yenyewe, wengi hawalijui hili. Chumba cha mtoto usicheze nacho.

Sasa elewa joto linaingiaje. Dar jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo paa ndo linachapwa kuliko ukuta wowote, bati la rangi nzito mchana linaweza kupita nyuzi 60. Lile bati halisubiri hewa ibebe joto, linamulika joto kwenda chini moja kwa moja kama jiko la mkaa unavyolisikia usoni ukiwa umekaa pembeni yake. Foili inazuia hiyo miali, na inaizuia vizuri kweli, ILA lazima iwe na nafasi ya hewa, angalau inchi moja. Foili iliyogandana na kitu haina kazi, inapitisha joto tu kama bati lenyewe. Mafundi wengi wanaitandika juu ya jipsam uso wa kung'aa ukitazama juu, baada ya muda vumbi la darini linaifunika na vumbi linanyonya joto, kazi imeisha.

Wewe bati lako lishapigwa kwa hiyo mwambie fundi aibane kwa stepla chini ya mbao za mteremko wa kenchi, ikae kama dari ya kwanza inayofuata mteremko wa paa, na uso wa kung'aa utazame CHINI. Vumbi haliwezi kutua upande wa chini. Juu kule kwenye kofia ya paa aache upenyo wa kama kiganja na chini kwenye kingo aache pia, ili hewa ya moto kati ya foili na bati ipande itoke. Nunua ile yenye nyuzi ndani, ile laini kama ya kufungia kuku inachanika hata kabla hajashuka ngazi.

PVC sikushauri chini ya bati tupu, joto linaipinda na haizuii chochote ni nyembamba mno.

mkazi_wa_ubungo

Nakubaliana na fundi kwenye foili lakini hajagusa swali la usiku, na mama ameuliza usiku. Bati jua likizama linapoa haraka sana, ni chuma chembamba hakitunzi joto. Kinachotunza joto ni tofali. Huo ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia saa nane mpaka magharibi, unameza, halafu unaanza kutapika ndani mkishalala.

Fanya hivi kesho kabla hujanunua chochote. Saa tisa alasiri panda ngazi weka kiganja karibu na bati bila kuligusa, usikie. Saa nne usiku weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi kwa ndani, halafu ukuta wa upande wa korido. Kama wa magharibi una vuguvugu na wa korido hauna basi foili peke yake itakusaidia mchana, usiku utabaki unalalamika.

Dawa ya ukuta ni kivuli na kiwe NJE. Pazia zito la ndani halisaidii sana maana jua likishapita kioo joto lishaingia. Sisi tulivuta waya nje ya ukuta tukapandisha pasheni, umefunika dirisha na ukuta, na matunda tunakula. Usipotaka mimea ongeza upenu au jamvi la kuning'iniza nje ya dirisha, na huo ukuta upake nyeupe. Bati nalo ukipata hela siku za mbele lipake rangi nyeupe ya paa, maruni inanyonya sana.

bintimuscat

Assalam alaykum. Mie niko Muscat, huku mwezi wa Juni joto linapita nyuzi 40 na paa zetu ni zege bapa. Wajenzi wa huku hupanga bodi ngumu za povu JUU ya zege kisha wakafunika na vigae au kokoto, zege lisipate joto tangu mwanzo. Kwa hivyo namuunga mkono wa Ubungo, joto lizuiwe nje lisiingie, si kulifukuza lishaingia. Mwenyezi Mungu amuafu mtoto.

mama_goba

Asanteni sana jamani. Nimefanya ile ya kiganja, ni kweli ukuta wa magharibi saa nne ulikuwa na vuguvugu kabisa, wa korido baridi. Na kwenye bati sikuweza hata kusogeza mkono karibu. Swali, ile pamba ya njano ya nyuzi za kioo naiweka pamoja na foili au ni kuzidisha? Na kwa kuwa nimeshafumua nitoboe matundu ya hewa darini au popo wataingia?

fundi_kenchi

Kwa nyumba yenye AC pamba inalipa, maana inashika ubaridi usitoroke kupitia jipsam, na faida nyingine mvua ikipiga bati utamsikia mtoto akilia. Hela ikiwa ya kitu kimoja anza na foili na matundu, pamba inaweza kuongezwa hata baadaye kupitia mlango wa dari, kwa hiyo mwambie fundi auache huo mlango asiuzibe! Ukinunua chukua ya milimita 75 au 100, na isikandamizwe, inayofanya kazi ni hewa iliyonaswa ndani yake. Isifunike taa za kuzamisha, zile zinazoingia ndani ya dari, zinahitaji kupumua. Na fundi avae glavu, barakoa na mikono mirefu, mtoto asiwepo chumbani siku hiyo.

Matundu toboa, usiogope. Chini ya upenu pande zote, na moja juu kwenye pembetatu ya ukuta, yote yazibwe kwa wavu wa chuma wa matundu madogo upigiliwe kwa ndani, popo na panya hawapiti. Ila hapo kwenye jipsam yenyewe fanya kinyume, matundu ya waya wa feni na taa yazibe vizuri kwa skimu, usiruhusu hewa ya moto ya darini ishuke kitandani kila feni inapozunguka.

mkazi_wa_ubungo

Na dirisha la magharibi kama ni la aluminiamu la kuslaidi nusu yake tu ndo inafunguka, ukiwa bado na mafundi ndani waulize wakubadilishie liwe la kufunguka lote, na juu ya mlango wa chumba waweke kidirisha cha wavu. Upepo wa jioni unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Pasheni panda sasa hivi, mvua za vuli zikianza ziikute ishashika.