Visima vya hoteli Paje na Jambiani: vizuiwe au viachwe?

Mwanzisha mada: Assalaam alaykum. Msimamo wangu: hoteli za Paje, Jambiani na Makunduchi zisichimbe visima vyao. Zichuje maji ya bahari.

Unguja tunategemea maji ya ardhini. Huku uwandani jiwe ni la matumbawe, limejaa matundu na mapango. Mvua inazama hapo hapo, na maji matamu, kwa wepesi wake, yanaelea juu ya maji ya chumvi. Yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yapo kama mita 40 zaidi. Sasa funga pampu kubwa, ishushe ile mita moja tu: taratibu chumvi inapanda kufidia zile 40. Wa kwanza kuionja ni jirani mwenye kisima cha ndoo na kamba.

Wa Paje: Shekhe, mimi nala kwa hoteli hizo hizo. Kuchuja bahari kunakula umeme, na wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Gharama ikipanda, wanaopunguzwa ni sisi. Na yale maji makali ya chumvi yanayobaki mtayamwaga wapi? Kwenye mwani wa mama zetu?

Niliyefanya kazi Ruvuma: Kwenye machimbo ya makaa ya mawe, shimo likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, pampu hailali. Ikizimwa maji yanarudi, pengine na tindikali ya mawe yenye salfa. Hapa ukivuta mno inayoingia ni bahari, na kuitoa ni kazi ya miaka. Ila marufuku mimi siitaki. Kinachoharibu zaidi ni kisima kirefu chenye pampu ya nguvu. Visima vifupi, vilivyotawanywa, vikavutwa polepole, madhara yake ni madogo.

Mwanzisha mada: La mwani ni la kweli, hivyo bomba la kutolea maji hayo makali lipite nje ya mwamba wa matumbawe, mkondo uyachukue. Visima vifupi je, nani atavisimamia? Pampu imo ndani ya ukuta, na karo za hoteli, yaani mashimo ya maji machafu, zinavujia kwenye jiwe lile lile (hilo nalo hamkuligusa). Wakubali kufungiwa mita, chumvi ipimwe kila mwezi, matokeo yabandikwe kwa sheha. Wakikataa hata hilo, Bwana wa Ruvuma, utawatetea vipi?