Kijana wa bweni na pesa ya matumizi

Mama wa Morogoro: Ndugu zangu, naomba ushauri. Mwanangu wa miaka 15 yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Kila muhula ninamwachia shilingi 60,000, lakini wiki ya tatu haijaisha anaazima simu ya matroni kuniomba nyingine. Nimemgombeza, nimemnyima, na hakuna kilichobadilika. Nianzie wapi?

Baba Watatu: Pole, dada yangu. Kugombeza hakumfundishi mtoto hesabu. Binti yangu nilimkabidhi likizoni pesa ya sokoni ya wiki nzima, shilingi 35,000, anunue mboga, nyanya, mafuta na mkaa. Siku ya kwanza alirudi na kuku, kwa furaha kubwa. Alhamisi tulikula ugali na mchicha mkavu, nami sikuongeza hata senti, ingawa roho iliniuma. Wiki iliyofuata aliandika kila kitu daftarini kabla ya kutoka.

Mwalimu Mstaafu: Naafiki, ila pesa ya muhula mzima ni nyingi mno mkononi mwa mtoto wa umri huo; mwalimu wa malezi aitunze, na kijana achukue fungu lake kila Jumamosi. Tena mwonyeshe makato ya simu: ukimtumia 5,000 mara nne, ada ya kutuma na ya kutoa hulipwa mara nne.

Mama wa Morogoro: Asanteni sana. Likizo inaanza Ijumaa. Jumamosi asubuhi nitamkabidhi kikapu na daftari.