Guangxiao au Liurong? Nina asubuhi moja Guangzhou, nipo na mama

Mzigo Njiani: Wakuu, habari za leo. Nipo mtaa wa Xiaobei hapa Guangzhou, China, vitambaa nimeshanunua, imebaki asubuhi moja kabla ya kurudi Dar. Safari hii nimekuja na mama. Anataka kuona hekalu la Wabuddha, la kale hasa. Nimetajiwa Guangxiao na Liurong. Goti linamsumbua, halafu ni Mwislamu, hapendi kuonekana anashiriki ibada isiyo yake. Twende lipi?

Binti Makunduchi: Guangxiao, ndugu yangu. Wenyeji wana msemo kwamba Guangxiao ilikuwepo kabla ya mji wenyewe. Hapo ndipo Huineng aliponyolewa nywele mwaka 676 akawa mtawa, na leo wafuasi wa Chan, madhehebu ya Kibuddha ambayo Wajapani wanayaita Zen, wanamhesabu kuwa kiongozi wao wa sita. Masimulizi yao yanasema alikuwa muuza kuni asiyejua kusoma. Alipofika aliwakuta watawa wawili wakibishana: bendera inapepea, ni upepo unaocheza au ni bendera? Akawaambia kinachocheza ni nyoyo zao. Nywele zake inaaminika zilizikwa chini ya mnara mdogo ulio nyuma ya ukumbi mkuu, karibu na mti wa bodhi, ambao Wabuddha wanauona mtakatifu. Ukisimama pale huku umekijua kisa hicho, hekalu zima linabadilika machoni. Uwanja ni mpana, kivuli kipo, mama hatakosa pa kukaa.

Fundi Saa: Historia sipingi. Ila kwa mgeni wa mara ya kwanza, mimi nampeleka Liurong. Hekalu ni la mwaka 537, na mnara wake ulijengwa upya mwaka 1097, mita 57 kwenda juu. Ukiwa nje unahesabu ghorofa 9, kumbe ndani zipo 17! Ndani ya hekalu kuna pia sanamu ya shaba ya huyo huyo Huineng, ilisubiwa mwaka 989. Mama atakaporudi nyumbani, mnara ndio atakaousimulia.

Binti Makunduchi: Mnara ni mzuri kweli, Fundi. Lakini eneo lile ni finyu, na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kichina watu hubanana na moshi wa udi unajaa. Mwenye goti bovu atachoka upesi. Halafu umeisahau minara ya chuma ya Guangxiao. Ule wa mashariki ulisubiwa mwaka 967 na mpaka leo una ghorofa zake 7. Chuma, miaka zaidi ya elfu! Kwangu hiyo inauzidi mnara wa Liurong.

Abuu Salma: Kuhusu mama, asiwe na wasiwasi. Anayetaka kuwasha udi anawasha, asiyetaka anapita zake, hakuna wa kumuuliza. Avae nguo za heshima kama kawaida yake. Kizingiti cha mlango hakikanyagwi, kinarukwa, na vingine viko juu, kwa hiyo mshike mkono. Picha za sanamu ndani ya kumbi usipige. Mkimaliza, Msikiti wa Huaisheng uko karibu, barabara ya Guangta. Ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa China, mnara wake una mita 36 hivi. Mpangilie mfike pale Adhuhuri, mama asali. Naamini atafurahi kuliko mahekalu yote mawili.

Kaka wa Sanyuanli: Kuna na hekalu la Dafo, karibu na barabara ya Beijing. Usiku linawaka taa, linapendeza hata ukilitazama kwa nje. Lakini kama anatafuta ukale, abaki na hayo mawili.

Mzigo Njiani: Asanteni sana. Abuu, la msikiti sikulijua kabisa, Mungu akulipe. Tutaanza Guangxiao mapema, kisha Huaisheng. Goti likiruhusu tutapita Liurong tuutazame mnara. Tupande metro?

Fundi Saa: Metro kutoka Xiaobei ni laini ya 5 hadi stesheni kuu ya reli, laini ya 2 hadi Gongyuanqian, kisha laini ya 1 kituo kimoja tu hadi Ximenkou. Kubadilisha mara mbili, na kutembea kwingi chini ya ardhi. Na mama? Chukua teksi. Mwonyeshe dereva jina la hekalu kwa Kichina kwenye simu.

Abuu Salma: Na pasipoti mtembee nazo, zote mbili.