Sari ya pamba, panjabi au dera kwa mfungo wa Maha Shivaratri?

MamaUpanga

Har Har Mahadev ndugu zangu. Mwaka huu Maha Shivaratri, usiku wetu wa kukesha kwa ajili ya Mungu Shiva, yaani Mahadev, ni Jumapili tarehe 15 Februari 2026, na nimeanza kuwaza nguo mapema kwa sababu mwaka jana niliteseka. Nilifunga bila maji tangu alfajiri, jioni nikavaa sari ya jojeti niliyoletewa zawadi na gagulo lake la nailoni, nikaenda hekaluni Kisutu. Mnajua Dar ilivyo mwezi wa pili, hata saa nne usiku jasho halikauki. Usiku ule una zamu nne za ibada, tunaziita prahari, kila moja ina urefu wa kama saa tatu, na kila prahari lingamu, ile alama ya Shiva, inaogeshwa kwa maji na maziwa. Ya kwanza nilikaa vizuri. Ya pili kamba ya gagulo ikaanza kunibana. Kufika ya tatu nilikuwa siwazi tena mantra, nawaza kiuno. Asubuhi nilipovua, alama ya kamba ilikuwa imezunguka tumbo zima, na pale penye fundo ngozi imechubuka.

Sasa napima vitu vitatu: sari nyepesi ya pamba, panjabi ya pamba (gauni na suruali yake), au dera. Mume wangu naye anauliza dhoti, ile shuka ya kujifunga, au kurta, lile shati refu. Naomba kusikia kutoka kwa waliokesha nazo, wakakaa sakafuni mpaka kunakucha.

FundiMtaaWaUhuru

Dada, mimi si Mhindu lakini nawashonea akina mama wa Upanga na Kisutu miaka mingi. Kilichokuumiza ni kamba, usiilaumu sari. Sari ni kama mita tano na nusu za kitambaa, na uzito wote ule unaning'inia kwenye uzi mmoja mwembamba. Mtu asipokula, tumbo linaingia ndani, kwa hiyo anakaza zaidi ili mikunjo isiteleze. Akikaa chini na kukunja miguu, tumbo linatoka mbele, kamba inakata.

Mwambie fundi wako akushonee gagulo lenye mkanda mpana, vidole vinne, wa pamba ileile. Mbele uwe bapa, nyuma atie lastiki, na ubavuni vifungo viwili: kimoja cha kusimama, kimoja cha kukaa. Gagulo likatwe mapande sita lipanuke chini. Lile lililonyooka kama bomba ukikunja miguu linavuta magoti. Na kitambaa kilowekwe usiku kucha kabla ya kukatwa, maana pamba mpya hurudi.

Panjabi nayo ina tatizo lake. Wengi wanashona suruali pana lakini msamba unabana. Kitiwe kipande cha ziada pale katikati, utakaa saa sita bila kuhangaika.

BenWaMakupa

Jai Shri Krishna dada. Mie dada yenu niko Mombasa, joto letu na lenu ni moja. Nyumbani mchana kutwa navaa dera tu. Nikishaoga asubuhi natoa dera safi ambalo halijaingia jikoni na vitunguu, naabudu nalo, napumzika nalo, hata viazi vitamu vya mfungo navichemsha nikiwa nalo. Halina mkanda, halina kamba, upepo unapita kutoka chini mpaka shingoni. Kwa mtu ambaye hata maji hanywi, kila jasho analozuia ni faida.

Lakini hekaluni siendi nalo, na hapa nitasema kwa nguvu. Mwaka mmoja nililivaa. Nikainama kumimina maziwa, mkono mpana ukaingia kwenye sahani ya samli na asali, na nilipogeuka ukapita juu ya diya, kile kitaa cha ibada chenye moto. Shangazi aliudaka kabla haujashika moto. Pindo nalo lilikuwa limelowa, sakafu ya marumaru ina maziwa, nikateleza nusura nianguke. Tangu siku ile kwa ibada ya usiku ni panjabi yenye mikono ya kufika kiwikoni, na mtandio nimeubana kwa pini mabega yote mawili. Dada zangu, msivae poliesta karibu na diya. Pamba nayo inaungua, ila poliesta inayeyuka na kugandia ngozi.

Beba na kanga moja mkobani. Ukilowa unajifunga, na mgongo ukichoka unaikunja na kuikalia.

BaaWaTanga

Wanangu, mbona hakuna aliyetaja hariri? Kwetu tulilelewa kwamba nguo ya puja, yaani ibada, ni hariri, ndiyo inayohesabiwa safi. Baba yangu alikuwa na pitambari yake, shuka ya hariri ya njano, hakula nayo chakula wala hakulala nayo. Hariri halisi haishiki mwili kama hizo nailoni zenu.

MamaUpanga

Shikamoo Baa, bibi yetu. Ninayo moja ya mama, naipenda sana. Shida ina zari nzito, zile nyuzi za dhahabu, pindoni, inanikwaruza ubavu, na naogopa maziwa yataacha doa lisilotoka.

BaaWaTanga

Marahaba mwanangu. Basi tafuta hariri nyepesi isiyo na zari, uivae prahari ya kwanza tu, ukishaogesha lingamu na kuweka majani ya bilva ubadilishe. Usiku ni mrefu, Mahadev hakatazi mtu kubadili nguo. Ila usivae nyeusi. Na ukichukua nyeupe, iwe na pindo la rangi. Sari nyeupe tupu kwenye familia nyingi zetu ni ya mjane, na wazee wataanza kukuuliza kumetokea nini.

MjukuuWaKampala

Sisi tuko Leicester, Uingereza, familia iliondoka Uganda mwaka 1972. Huku Februari ni baridi, kwa hiyo panjabi ndiyo inashinda: fulana ya mikono mirefu ndani, soksi za sufu, na shali juu. Sari na baridi hii huku hujala, unatetemeka. Kwa Dar siwezi kukushauri, nimesahau joto likoje.

BhaiParklands

Namjibu mume wa MamaUpanga. Nimekesha na zote mbili. Kwa kukaa chini dhoti haina mpinzani, kwa sababu haina mshono wowote kati ya miguu. Tatizo ni kuifunga. Mwaka wangu wa kwanza ilifunguka nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kuogesha lingamu, nikabaki nimeishika kwa mkono mmoja na lota ya maji mkono wa pili. Kama hajaizoea, aanze kujifunga nyumbani wiki mbili kabla, atembee nayo, apande nayo ngazi. La sivyo avae kurta ya pamba iliyopasuliwa pembeni mpaka nyongani, na suruali yake iwe na mkanda mpana kama alivyosema fundi, maana kamba ya pajama inakata vilevile.

Nyumbani mchana mimi najifunga kikoi. Mkanda wa ngozi na pochi ya ngozi aviache kwenye gari. Kwetu Nairobi baada ya saa sita usiku kunapoa, lazima shali. Dar nadhani hamtaihitaji.

MamaUpanga

Asanteni sana, nimekaa na mama mkwe tumesoma yote pamoja. Mchana dera. Prahari ya kwanza sari ya pamba nyeupe yenye pindo la zafarani, na gagulo jipya. Kuanzia ya pili panjabi, niishi nayo mpaka asubuhi tunapofungua. Hariri ya mama nitaiweka kwa Diwali. Mume amechagua kurta, dhoti ameiogopa baada ya kusoma ya Bhai. Fundi, kitambaa ninacho tayari, nimekiloweka jana. Nilete lini?

FundiMtaaWaUhuru

Lete kabla ya tarehe 5, baadaye nitakuwa nimeelemewa. Uje na mkeka au hiyo kanga yako. Kiuno nitakupima ukiwa umesimama, halafu utakaa chini ukunje miguu nikupime tena.