Tairi za snow za Mazda 3 zitaingia kwenye Civic?

Mtu_wa_Tandika
Wakuu habari za huko. Nipo Montreal, Québec, huku Kanada, mwaka wa sita huu. Mazda 3 yangu ya 2012 imekufa kwa kutu, chumvi ya barabarani imeila chini mpaka fundi akanionyesha tundu la kupitisha ngumi, nikaiuza skrepa. Sasa nimechukua Honda Civic ya 2017 kwa jamaa yetu mmoja hapa, gari safi ila imekuja na tairi za kiangazi tu. Bandani ninazo nne za snow za ile Mazda, zipo kwenye rimu zake za chuma, saizi 205/55R16, kashata (meno ya tairi) bado naziona. Civic mlangoni imeandikwa 215/55R16. Nimehesabu matundu ya nati, tano kwa tano, nikajiambia mbona hizi zinaingia. Tarehe 1 Desemba ndo hiyo inakuja, siku ambayo sheria ya huku inataka gari iwe na tairi za snow, faini siitaki na seti mpya bei yake nimeulizia nikakata simu. Nifunge tu au najitafutia balaa?

FundiBaridi
Mkuu kuhesabu matundu hakutoshi, Corolla ya 2012 nayo ina tano na hazitaingia ng'o, kwa sababu stadi zake (bolti za kufungia rimu) zimekaa kwenye duara la milimita 100 na zako ni 114.3. Bahati yako Mazda na Civic zote ni 114.3, na stadi zote ni saizi moja, M12 kwa 1.5, kwa hiyo hapo umepona.

Kazi iko kwenye vitu viwili. Kwanza tundu la katikati la rimu, la Mazda ni milimita 67.1, habu ya Honda (kile kitovu rimu inapokaa) ni 64.1, maana yake rimu inacheza milimita 3 haijakaa kwenye kitovu. Ukifunga hovyo ikakaa upande, ukifika 100 kwenye hailwei usukani unatetemeka kama umeshika mashine ya kusaga. Tafuta zile pete za kuziba hiyo nafasi, 67.1 kwenda 64.1, ni vitu vya bei ndogo tu.

Pili nati. Nati za Honda chini ni za duara kama mpira, rimu za Mazda zimechongwa kwa nati ya koni. USITUMIE ZILE ZILE. Nunua 20 za koni, za Honda weka kwenye kopo lake zisubiri kiangazi.

Otis254
Boss hiyo ya nati msikize sana. Mimi niko Ottawa, miaka mitatu iliyopita nilifanya hivyo hivyo, rimu za gari nyingine kwa Civic, nati za Honda, nikakaza mpaka mgongo ukauma nikaona niko sawa. Siku ya pili nikiwa na watoto nyuma naskia tok, tok, tok upande wa kushoto, nikadhani ni barafu imeshika kwa fenda. Nikazima redio, mtoto akaniuliza baba nani anabisha hodi. Kusimama, nati mbili naweza kuzizungusha na vidole na glavu nimevaa! Na matundu ya rimu yalikuwa yamelika, ile rimu ilienda tu. Nati ya duara kwa tundu la koni inashika kwa kamstari kadogo, hata ukaze aje.

Mama_Wawili
Hata zikiwa za koni, piga brashi ya waya kwenye habu kabla ya kufunga, kutu ikibaki pale rimu haikai flati. Halafu kaza kwa spana ya kupima, Civic nguvu ya kukaza ni Nm 108, na ukishatembea kama kilomita 100 urudie. Sio kuruka juu ya spana kama nyumbani.

Na kaka angu, mbona hakuna aliyekuuliza hizo tairi ni za lini? Soma ubavuni kwenye maandishi ya DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. Angalia pia kama kuna ule mchoro wa mlima wenye theluji ndani, alama ya M+S (tope na theluji) peke yake Québec hawaitambui.

Mtu_wa_Tandika
Dah dada nimetoka bandani sasa hivi na tochi ya simu. Mchoro wa mlima upo. Tatu zimeandikwa 3613, moja 0914. Kashata nimepima zina milimita 5 hivi. Si bado zinafaa?

Kijana_Laval
Zinafaa mzee, sheria ni milimita 1.6 na umri hawaulizi. Faini ni dola 200 mpaka 300, we funga uendeshe polepole.

FundiBaridi
Sheria haiulizi ndio, lakini 3613 ni wiki ya 36 ya mwaka 2013, mpira wa hapo ushakauka. Tairi ya snow kazi yake ni kubaki laini kwenye baridi, ndo unacholipia. Asubuhi kukiwa na baridi nenda bandani bonyeza kwa kucha, ikibonyea kidogo sawa, ikiwa kama unabonyeza soli ya buti basi hiyo ni tairi ya kiangazi yenye mchoro wa mlima. Na milimita 5 kwenye theluji mbichi ndo unaelekea ukingoni, wengi hapa wakifika 4.8 wanabadilisha.

Msasani_Boi
Mnanichekesha, mimi hapa Dar nilinunua Toyota IST kutoka Japani ikaja na hizo hizo tairi za barafu, joto la huku zililika kama sabuni. Nyie mnalia ngumu sisi tunalia laini.

Mtu_wa_Tandika
Nimebonyeza. Soli ya buti 😂 Basi rimu nabaki nazo, tairi nanunua nne mpya. Swali la mwisho, nichukue 205 kama zilizopo au 215?

FundiBaridi
215/55R16 kama mlango unavyosema, rimu yako ya upana wa inchi 6.5 inazibeba bila shida na spidomita haikudanganyi. Kwa zile 205, spidomita ikisema 100 wewe ungekuwa kwenye 98. Ukishafunga ingia kwenye skrini ya gari ukalibreti upya kipimo cha upepo wa tairi, Civic yako inahesabu mzunguko wa tairi, haina sensa ndani ya rimu, kwa hiyo hapo hakuna gharama. Na agiza wiki hii, ikifika mwisho wa Novemba gereji za huko unapangiwa foleni kama ya mafuta.