Panya HANA kifuko cha nyongo! Nimekuja kuitema yangu hapa

Wakuu, naandika niko kwenye daladala, mikono inatetemeka, sijafika hata nyumbani.

Yule Profesa wa kalamu nyekundu. Sitaji jina. Mliopita mikononi mwake mnamjua, ambao hamjapita Mungu amewapenda. Leo nimesimama mbele ya kamati kutetea tasnifu. Miaka miwili na nusu nimelea panya kama watoto wa kuzaa. Nawanywesha kirkumini, ile rangi iliyomo kwenye kiungo cha manjano, nakusanya kinyesi chao kwenye vichupa, napima asidi za nyongo, nione kama kirkumini inalisukuma ini ligeuze kolesteroli kuwa asidi hizo. Nguo zangu zote zimekuwa njano, na kanga ya harusi yangu imo.

Nafika kwenye picha ya panya aliyefunguliwa tumbo, kimrija kimeingia kwenye mfereji wa nyongo. Ananikatiza. Anainuka, anakuja mpaka ukutani, analigonga lile ini kwa kifuniko cha kalamu: "Binti, kifuko cha nyongo kiko wapi? Umekila?"

UMEKILA? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka mama wa chai!

Panya wale weupe wakubwa wa maabara HAWANA kifuko cha nyongo. Wameumbwa hivyo. Nyongo yao inatoka kwenye ini inateremka moja kwa moja utumboni, usiku na mchana, tone kwa tone, ndiyo maana nikaingiza kimrija kwenye mfereji. Vipanya vile vidogo vinacho, kama punje ya mchele. Kiswahili chetu wote tunawaita panya, haya, muuza nyanya akichanganya namwelewa. Profesa wa famakolojia? Farasi hana. Njiwa hana. Tembo na ukubwa wote ule hana! Cha tembo nacho nimekila mimi?

Nafungua mdomo nimweleze, ananyanyua kiganja kama trafiki. Ameniandikia marekebisho makubwa: "mtahiniwa aeleze kiungo kilichopotea." KILICHOPOTEA! Kile kifuniko bado kinanigonga kichwani, ko, ko, ko. Umekila?

Mzee wa Kigoda: Pole dada. Ila tuambie ukweli, ulikila na ugali au na wali?

Mtoto wa Tandale: 😂😂 Nimevuta kiti.

Manjano Mbichi (mwenye uzi): Naomba mniheshimu. Mimi nalia huku.

Kipimio: Pole, ila Profesa angekuwa anajua kazi yake angekubana pabaya zaidi. Panya wako ana asidi za murikoliki, aina mojawapo ya asidi za nyongo, kibao, na binadamu mzima hizo karibu hana. Nyongo yake siyo yetu. Hilo umeliandika kwenye tasnifu?

Manjano Mbichi: Nimeliandika, ukurasa wa 61! Hakufika huko, alikwama kwenye kifuko!

Bi Mkubwa wa Tanga: Afadhali wewe umechekwa tu. Mama yangu aliacha vidonge vya kolesteroli kwa ajili ya muuza dawa mmoja na utomvu wake wa guguli kutoka India, ule mti ndugu wa manemane. Anatamba kuwa wanasayansi walithibitisha. Walithibitisha kwenye vipanya, 2002! Mwaka 2003 Marekani wakatoa majibu ya watu 103, wiki 8: kolesteroli mbaya ilipanda badala ya kushuka, na wengine wakatoka vipele. Namwonyesha, ananiambia wazungu wana wivu.

Tiba Asili Fasta: Tuna dawa ya kusafisha nyongo, figo na nyota. Mikoani tunatuma.

Bi Mkubwa wa Tanga: Haya, ndugu zake wameshafika.

Friji Limekufa: Nyie mnalilia nyongo? Ijumaa umeme umekatika, hakuna aliyewasha jenereta mpaka Jumatatu. Sampuli zangu za miezi 8 zimekuwa supu. Funguo anazo bwana mmoja, kaenda Moshi msibani.

Kipimio: Duh. Hilo friji la nyuzi 80 chini ya sifuri?

Friji Limekufa: Ndilo. Nimelifungua, maji mpaka kwenye viatu.

Manjano Mbichi: Jamani, mada. Kasema UMEKILA mbele ya watu arobaini.

Mtoto wa Tandale: Sisi tulibebeana barafu kutoka kwa wauza samaki Feri, ndoo kwa ndoo, tukaokoa nusu.

Mzee wa Kigoda: Feri barafu sasa hivi shilingi ngapi?

Friji Limekufa: Achana na barafu, kompresa imeungua. Mwenye fundi wa mafriji haya aniwekee namba.